Wanafunzi Wakienda Korea, Wafike Gimcheon

Neno Korea si geni katika kambi zetu. Askari polisi wa siku nyingi huwakumbuka wakufunzi wa Korea ya Kaskazini, ambao ushirikiano wao na majeshi yetu Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuukomesha. Korea tuizungumziayo hapa ni ile ya Kusini, ambako wanafunzi wa mataifa mengi hupelekwa kujifunza biashara ya michezo na utamaduni wa wenyeji. Iwapo vijana wa Mbarara na wa Endiinzi watapata safari ya namna hiyo, tunao ushauri mmoja: wasiishie Seoul.

Seoul, hapana shaka, inayo mengi ya kutazamwa. Huko ndiko kuliko Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyofunguliwa mwaka 1972. Mchezo huo ulikulia jeshini. Jenerali Choi Hong Hi ni miongoni mwa waliouasisi, na jina lake lilipatikana mwaka 1955. Mwanafunzi huinama kumheshimu mwalimu kabla ya kurusha teke la kwanza, na desturi hiyo imesafiri pamoja na mateke hadi kila bara. Tena vyeti vya mkanda mweusi vya Kukkiwon hutolewa huko huko, kwa ada. Wakorea wameiuza hata adabu yao, na wanunuzi hawajanung'unika.

Lakini shule yenyewe iko Gimcheon, mji wenye watu wachache kuliko Mbarara. Hapo tangu mwaka 2021 imekaa Sangmu, timu ya kandanda ya jeshi. Kijana wa kiume wa Korea hulitumikia jeshi la nchi kavu kwa miezi 18 hivi. Mchezaji hodari wa klabu ya kulipwa huomba kuitumikia zamu yake katika Sangmu, huvaa magwanda, hucheza ligi, kisha hurejea klabuni kwake na miguu iliyo hai. Timu hiyo hainunui mchezaji wala haiuzi, nayo mwaka 2024 ilimaliza ya tatu katika ligi kuu. Afungaye bao huwapigia watazamaji saluti.

Biashara iko wapi basi? Iko katika mapatano: jeshi hutoa wachezaji, mji hutoa makazi na jina. Sangmu ni mgeni, na mgeni huondoka. Ilikaa Gwangju kuanzia 2003 hadi 2010. Wenyeji wa Gwangju walijifunza kazi, wakaunda klabu yao wenyewe kabla mgeni hajafunga virago. Klabu hiyo mwaka 2025 ilifika robo fainali ya mashindano makuu ya klabu za Asia. Kisha timu ikahamia Sangju, ikakaa hadi 2020. Huko mpango wa kuunda klabu ya mji uliachwa, na Sangmu ilipoondoka mji ukabaki bila timu ya kulipwa. Mgeni alikuwa yule yule.

Nasi tumekuwa na timu za majeshi zenye sifa. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972 ikashindwa na Hafia ya Guinea. Polisi walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2005, na mwaka uliofuata kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Vikombe vilihesabiwa. Raia wanaoishi jirani na kambi walichopata, hilo halikuulizwa sana. Mechi ikichezwa Endiinzi, muuza karanga hupata chake, mwenye bodaboda hupata chake, na timu hurudi nyumbani na deni la jezi. Hapo ndipo mwanafunzi aliyefika Gimcheon angetufaa, akitujia na daftari la hesabu badala ya picha za majumba marefu.

Wala wasichaguliwe wa chuo kikuu peke yao. Jirani na Endiinzi ipo Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwaka 1960, ambako vijana wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia hukutana uwanjani, na Kiswahili huwapatanisha wengi wao. Tungependa walau wawili wa huko wawemo safarini. Mkimbizi hasafiri kwa pasipoti ya kawaida. Huhitaji hati yake ya safari, na maombi yake huanzia Ofisi ya Waziri Mkuu. Yapelekwe mapema, kabla orodha ya wasafiri haijafungwa.