Laiki Zenye Pesa: Nani Hasa Analipwa?

Mwaka 2016 Ned Scott na Dan Larimer, Wamarekani wawili, walianzisha mtandao wa kijamii wa Steemit kwa ahadi iliyowavutia wengi: andika, wasomaji wakupigie kura, ulipwe kwa sarafu ya kidijiti. Malipo ya kwanza yalitoka Julai 4 mwaka huo. Kwa watu waliozoea kuandika na kupiga picha bure huku Facebook ikivuna pesa za matangazo, hiyo ilikuwa habari njema kwelikweli.

Pesa zenyewe hazikutoka kwenye matangazo. Mfumo ulizalisha sarafu mpya za STEEM kila siku, na kuanzia mwishoni mwa 2016 robo tatu yake ikawa inaingia kwenye kapu la zawadi la waandishi na wapiga kura. Kila kura ilichota kutoka kapu hilo. Tatizo ni kwamba kura hazikulingana: uzito wake ulitegemea sarafu ambazo mpigaji amezifungia kwenye akaunti yake.

Matokeo yalionekana wazi, maana chini ya kila andiko paliandikwa kiasi cha dola. Andiko lililopendwa na watu mia mbili wasio na akiba liliweza kuonyesha senti chache tu, huku jirani yake lenye kura tano, moja ikiwa ya tajiri, likisoma makumi ya dola. Na malipo yasiyofika senti 2 hayakutolewa kabisa. Mwandishi alisubiri siku 7 hesabu ifungwe, akaambulia patupu. Hadi Juni 2017 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani nguvu ya kura ilipigwa kwa mraba: aliyekuwa na sarafu mara 10 ya mwenzake alimzidi nguvu mara 100.

Nani alikuwa na sarafu hizo? Sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Steemit Inc. yenyewe, iliyozichimba siku za mwanzo kabisa kabla umma haujajua kinachoendelea. Mgeni aliyejiunga mwaka mmoja baadaye aliingia kwenye mchezo ambao turufu zilikwisha kugawanywa.

Kisha yakaja maroboti ya kuuza kura. Mwandishi alituma sarafu, roboti likampandishia andiko, bila mtu yeyote kulisoma. Chao Li na Balaji Palanisamy wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walipochunguza miamala ya mtandao huo, walieleza mwaka 2019 kwamba zaidi ya asilimia 16 ya uhamishaji wa sarafu ulikwenda kwa akaunti zilizoshukiwa kuwa maroboti. Agosti mwaka huohuo kanuni zikabadilishwa ili kupiga kura kwa haki kulipe kuliko kuiuza. Gharama ya dawa hiyo ilimwangukia mwandishi: fungu lake lilishuka kutoka asilimia 75 hadi 50.

Si haki kusema hakuna aliyefaidika. Nchini Venezuela, ambako bolivari ilikuwa ikiporomoka, dola chache kwa wiki zilikuwa na maana kubwa mezani, na wengi waliandika kwa bidii ya ajabu. Lakini hata chumo lao lilitegemea bei ya sokoni. Januari 2018 STEEM moja ilipita dola 7; kabla mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya dola 1, na Novemba kampuni ikapunguza zaidi ya asilimia 70 ya wafanyakazi wake.

Februari 2020 mfanyabiashara Justin Sun aliinunua Steemit Inc. pamoja na sarafu zake. Wasimamizi wa mfumo waliochaguliwa na wanachama walipozizuia zisipige kura, masoko ya sarafu za kidijiti ya Binance, Huobi na Poloniex yalitumia akiba za wateja wao, Machi 2, kuwapigia kura wasimamizi wapya. Kura za watumiaji wa kawaida zilifunikwa ndani ya siku moja. Masoko mawili baadaye yaliondoa kura zao, lakini Machi 20 sehemu kubwa ya wanachama walihama na kuanzisha mtandao wao, Hive, wakinakili akiba za wenzao na kuiacha nje akiba ya kampuni. Mwezi Mei, waliobaki kwenye mtandao wa zamani, Steem, walitwaa sarafu milioni 23.6 kutoka akaunti 64 za watu waliowapinga.

Hive ingali hai na waandishi wake bado wanalipwa. Kura yake nayo inapimwa kwa sarafu ulizofungia, na ukitaka kuzifungua unazipokea kidogokidogo kwa wiki 13.