Kuvunjika, Kulipuka na Kuzuka: Taabu ya Tafsiri katika Meru na Embu

Makala haya yahusu vitenzi vya Kiingereza "break", "burst" na "erupt", na taabu waipatayo wanafunzi wa Meru na Embu wanapovitafsiri kwa Kiswahili. Tangu Kiswahili kifanywe somo la lazima shuleni mwaka 1985, wanafunzi hao hujifunza lugha hizi mbili sambamba, juu ya Kimeru au Kiembu cha nyumbani. Umbo haliwashindi, kwani lugha zao ni za Kibantu na kiambishi cha kutendeka wanakijua tangu utotoni. Linalowatatiza ni kuchagua shina.

Kiingereza hutaja nguvu na ughafla wa tendo, kikaiachia nomino kazi ya kueleza ni kitu gani kilichoachana. Kiswahili hukitazama kwanza kitu chenyewe. Mpira hupasuka, jipu hutumbuka, bomu hulipuka, ukingo wa bwawa hubomoka, mshono hufumuka. Na yote hayo Mwingereza aweza kuyasema kwa "burst". Fumuka yafaa kuangaliwa zaidi: shina lake ni fuma, na kinachofumuka ni kile kilichofumwa au kushonwa. Kitenzi hukumbuka jinsi kitu kilivyoundwa. Ndiyo sababu "kamba imevunjika", sentensi isikikayo sana bara, humkera msikilizaji wa pwani: kamba hukatika, kwa kuwa haina ugumu wa kijiti.

Kutokeza nako kuna mashina yake. Chemchemi hububujika, jua huchomoza, mche huchipua. (Mkulima wa Igembe hana haja ya kufundishwa kuchipua, miraa yake humpa mfano kila mvua zinyeshapo.) Ama mtu mwenye huzuni halipuki katika machozi: huangua kilio, naye huwa mtenda wa tendo hilo.

Hatari kubwa zaidi imo katika somo la historia, ambalo wanafunzi hulisoma kwa Kiingereza. Anayeandika kwamba "Vita vya Pili vya Dunia vilivunjika mwaka 1939" amesema kinyume cha alichokusudia. Mkutano ukivunjika watu hutawanyika. Ndoa ikivunjika imekwisha. Vita vilivyovunjika, kama vingekuwako, vingekuwa vita vilivyokoma. Mwalimu humsahihisha kwa kuandika "vilizuka", na hapo wengi wetu hudhani kazi imekwisha.

Kwa vita vya 1939 sina ugomvi na neno hilo. Lakini Meru na Embu ni miongoni mwa wilaya zilizoonja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kudumu hadi Januari 1960, na sentensi "Mau Mau ilizuka mwaka 1952" hunukuliwa hapa kana kwamba haina kasoro. Zuka ni ndugu wa mzuka na uzushi. Kinachozuka hakina chimbuko lionekanalo. Hutokea tu, kama maradhi au kama uvumi. Hivyo ndivyo serikali ya kikoloni ilivyopenda Mau Mau ieleweke, na neno "outbreak" liliitumikia vema. Sasa, jambo lililopigwa marufuku mwaka 1950 lingewezaje kuzuka mwaka 1952? Viapo vilikuwa vimekwisha kulishwa, na malalamiko juu ya ardhi na kipande yalikuwa ya miaka mingi kabla ya hapo.

Lugha yetu inavyo vitenzi vya hali hiyo. Moto hufukuta chini ya majivu, kisha hulipuka. Na msikilizaji wa Kiswahili asikiapo "lipuka" baada ya "fukuta" hauulizi moto ulitoka wapi. Kwa hiyo katika tafsiri ya historia napendelea jozi hiyo, au "kuanza" tu pale ambapo tarehe ndiyo itakiwayo.

Tahadhari hiyo yahusu mwisho wa vita vilevile. Musa Mwariama na wenzake wa Mlima Kenya, Desemba 1963, mfasiri huwaandika kuwa "waliibuka" msituni. Huibuka kilichozama. Kwa mwanakijiji aliyewapelekea chakula, watu hao walitoka.