WENYE ELIMU HUITWA LINI?

Mwaka jana walikuja Ruangwa vijana wawili wa Chuo Kikuu, kila mmoja na daftari lake. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, na kwa ajili hiyo kila mgeni mwenye karatasi huletwa kwangu. Walitaka wazee wa kuwaeleza jinsi watu walivyohamia vijijini zamani za ujamaa. Nikawapeleka kwa bibi mmoja mwenye umri mkubwa. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha yeye ndiye akawauliza: huyo aliyewatuma ataka kujua, au amekwisha kukata shauri?

Vijana walitazamana. Mimi nami sikuwa na la kusema, lakini swali lile limenikaa moyoni. Nimeona niwaandikie, maana si swali la bibi mmoja. Kila mara nchi inapogeuka, Serikali huwaita wenye elimu. Je, huwaita lini, na huwauliza nini?

Tuanze na jambo ambalo sisi watu wa Nachingwea na Ruangwa tumelirithi: mashamba ya karanga. Mwaka 1946, baada ya vita kuu, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Bwana mmoja wa kampuni, Frank Samuel, alitoa shauri karanga zilimwe Afrika kwa mashine. Serikali ya London ikawatuma watu watatu, mkubwa wao John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Hakuwa mjinga yule bwana. Lakini walizunguka majuma tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka juu, katika ndege. Waliporudi, taarifa yao ilitaka eka 3,210,000, zigawanywe mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja. Kati ya hayo, 55 yawe huku kwetu, Jimbo la Kusini.

Mtu yeyote anayelima angaliuliza: mmepanda kishamba cha kujaribia? Mmepima mvua miaka mingapi? Haya hayakungojewa. Matrekta yaliletwa kwanza, na Kongwa ndiko walikoanza kufyeka. Udongo wa kule ni wa mfinyanzi. Jua likiupiga hugeuka mgumu kama tofali, na karanga zikanaswa humo humo ardhini. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zimekwisha kupotea. Sisi tulipata bandari ya Mtwara, na reli ya kuja Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baadaye. Basi usiseme kwamba wenye elimu hawakuulizwa. Waliulizwa namna ya kulifanya jambo upesi. Kama lafaa kufanywa, hawakuulizwa vya kutosha.

Ulipokaribia Uhuru, mambo yakawa yetu wenyewe. Oktoba 1961, kabla bendera haijapandishwa Desemba 9, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, na somo la kwanza lilikuwa sheria. Nchi changa haikuwa na mabingwa wake, ikawasikiliza wa nje. Wale wa Benki ya Dunia walitoa taarifa mwaka huo huo wa 1961, na moja ya mashauri yao lilikuwa kuwahamishia wakulima katika makazi mapya yenye mashine na wasimamizi. Serikali ikafuata. Kufika 1966 makazi yale yaliachwa, maana gharama ilikuwa kubwa na mavuno hayakuilipa. Nalitaja hili ili usidhani kwamba bingwa akisema, basi imekwisha. Bingwa naye hukosea, hasa asipokaa na watu.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Mwezi uliofuata, Chuo Kikuu kiliitisha mkutano wa siku tatu kujiuliza: katika nchi ya ujamaa, sisi tuna kazi gani? Mwaka ule ule ilianzishwa pale chuoni idara ya kuchunguza mali ya asili ya nchi na matumizi ya ardhi, na wachunguzi wakaenda vijijini kuandika habari za maji, udongo na mashamba. Profesa Svendsen, Mdenmark, alifundisha uchumi chuoni na tena alikuwa mshauri wa Mwalimu Nyerere. Naona ulikuwa mwanzo mwema. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameandika kwamba watu wataingia vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, na jambo la hiari huenda polepole, hata mchunguzi akapata nafasi ya kutazama na kusema.

Lakini Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kukaa vijijini ni amri, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Hapo mwendo ukawa wa malori, na daftari likabaki nyuma. Huku kusini wengi walikuwa wamehamishwa mapema zaidi, kwa sababu vita vya Msumbiji vilikuwa mlangoni petu. Mwaka 1977 Serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000.

Sitaki kuwa mwongo. Shule na zahanati zilifika mahali ambapo hazikuwapo, na wazee wangu walijifunza kusoma kwa ajili hiyo. Lakini tazama mikorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani kama 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Wachunguzi walitafuta sababu, wakazikuta zaidi ya moja: bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga uliingia na kuua maua, na watu walikuwa wamehamishwa mbali na miti yao, ikamezwa na pori. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilifanya kazi kubwa juu ya ubwiriunga, na leo kila mwenye mikorosho ajua habari ya salfa.

Hiyo sababu ya umbali, bibi yangu yule aliijua siku ya kwanza. Alihamishwa mwendo wa saa mbili kutoka kwenye mikorosho yake. Hakuna aliyemwuliza. Alipoulizwa, ilikuwa mwaka jana.

Mambo ya siasa yana hadithi yake. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iulize kama nchi iendelee na chama kimoja. Walisikilizwa watu zaidi ya 36,000. Katika kila mia, kama 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na 21 hivi wakataka vingi. Tume ikashauri vyama vingi! Wengi walishangaa, labda hata wewe. Lakini Tume haikuhesabu tu, ilisikiliza pia: wengi wa wale waliotaka chama kimoja walitaka kigeuzwe, na wale wachache nao walikuwa na haki yao. Julai 1992 sheria ya vyama vingi ikaanza kazi, na mwaka huo huo idara ya siasa ya Chuo Kikuu ikaanzisha mpango wa REDET wa kuchunguza na kufundisha demokrasia. Hapa naona mtaalamu na mwanakijiji waliulizwa kabla.

Hata hivyo kuulizwa kabla si kusikilizwa. Mwaka 2012 iliundwa Tume ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, na Profesa Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria, akiwamo. Wananchi walitoa maoni, na rasimu za 2013 zikaleta shauri la serikali tatu. Bunge Maalum la 2014 likarudisha mbili. Kura ya wananchi iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikupigwa.

Wale vijana wa Chuo Kikuu walitimiza ahadi. Taarifa yao imenifikia ofisini, nayo ni ya Kiingereza tupu, kurasa themanini na zaidi. Jioni nyingine, nikimaliza vitabu vyangu, nakwenda kumsomea bibi barazani kwake, nikigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyofundishwa Chuo cha Ualimu. Tumefika ukurasa wa thelathini na mbili. Mpaka sasa amesahihisha majina ya visima viwili, na katika ramani amenionyesha kwa kidole mikorosho yake ilipo. Mahali pale pameandikwa kwamba ni pori. Nimemchorea alama kwa kalamu, na wale vijana nimewaandikia barua.