Goma: Fromaji ya Masisi iliyokomaa na msimu mgumu uliomo ndani yake

Fromaji changa ya Masisi ni laini, inavutika kidogo kama mpira, na ladha yake haijaachana na maziwa. Ile iliyokaa miezi sita kwenye rafu ni kitu kingine kabisa: rangi imekolea, inamomonyoka kisu kinapopita, chumvi inatangulia ulimini, halafu inafuata ladha kama ya karanga za kukaanga. Anayejua kuionja humega kidogo, huinusa, kisha huiacha mdomoni ipate joto kabla ya kutafuna. Uchungu ukibaki kooni, kasoro mara nyingi ilianza siku ya kwanza: maziwa yalichelewa, au chumvi haikutosha.

Na maziwa yalikuwa na sababu nyingi za kuchelewa. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipita katikati ya malisho yenyewe. Masisi-centre iliangukia mikononi mwa M23 tarehe 4 Januari, Sake ikafuata, na mwisho wa mwezi huo ikawa zamu ya Goma. Ng'ombe anayekimbizwa kutoka kilima hadi kilima hutoa maziwa kidogo. Hayo machache hushuka kwa bidoni, mara nyingi kwa miguu, na barabara ikifungwa nusu siku tu yanaganda njiani. Kilo moja ya fromaji hudai karibu lita 10, basi kila bidoni iliyopotea inahesabika.

Wakaaji wa Masisi, teritware ambayo wengi huiita Uswisi ya Afrika, walipata ufundi huu kwa wamisionari kutoka Ubelgiji. Wameushika kupitia vita vya miaka ya 1990, vilivyomaliza makundi makubwa ya ng'ombe.

Lakini kuikomaza fromaji ni jambo gumu kuliko kuitengeneza. Lazima igeuzwe, ipanguswe, ilindwe na panya. Kila wiki inapoteza maji, maana yake inapoteza uzito, na inauzwa kwa kilo. Ni pesa iliyolala. Mahali ambapo mali inaweza kuporwa usiku mmoja, kuiuza ikiwa changa ni akili, si haraka. Tena uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu Januari ile ile, na Kinshasa, soko lililokuwa likipokea mizigo kwa ndege, likawa mbali. Benki nazo zilifunga milango.

Kwa hiyo anayepata fromaji iliyokomaa kutoka msimu huo ana haki ya kuuliza bei, ila asishangae ikizidi ya changa. Anunue kipande kidogo, akifunge katika kitambaa safi au karatasi, si katika mfuko wa plastiki unaoifanya itoe jasho, na kukiweka mahali penye ubaridi. Akitoe saa moja kabla ya kula. Ikiwa baridi, ladha hiyo ya karanga haijitokezi.