Zege Tumeshiba, Mbao Tutafundishwa Lini?

Pita kwenye vimbweta wiki ya mitihani, uwasikilize watu wa uhandisi ujenzi wakipiga msuli. Utasikia zege, nondo, udongo, maji. Mbao husikii. Mimi niko mwaka wa nne, na kwa darasa letu hesabu ni hii: zege mihula miwili, chuma muhula mmoja, mbao lekcha tatu za mwisho wa kozi, zile ambazo kila mtu anauliza kama zitatoka kwenye mtihani. Hazikutoka, yakaishia hapo.

Sasa toka nje ya geti uangalie juu. Nyumba za mtaani, madarasa, zahanati, misikiti na makanisa: ukuta wa tofali, na juu yake kenchi za mbao. Yaani tunahitimu tukiwa tunajua kukokotoa karibu kila kitu isipokuwa kile kilicho juu ya vichwa vya watoto wa shule. Hicho tunamwachia fundi, na masika yakija na upepo tunasikia paa la darasa limeezuliwa.

Wapo wanaosema mbao haina haja ya kozi, ukishajua chuma umejua yote. Si kweli. Mbao si chuma dhaifu. Ni kitu kingine kabisa, na kuna mambo manne yanayoitofautisha.

La kwanza ni nyuzi. Chuma ukikivuta huku au kule nguvu ni ileile. Mbao ina upande. Chukua daraja la C24 la viwango vya Ulaya, ambavyo mifano mingi ya vitabuni inavitumia. Ukiibana kufuata nyuzi, inahimili niutoni 21 kwa kila milimita ya mraba. Ibane kukata nyuzi, zinabaki 2.5. Ukijaribu kuivuta ipasuke kukata nyuzi, ni 0.4 tu. Ndiyo maana mbao huchanika kirahisi msumari unapopigwa karibu na ncha.

La pili ni maji. Mti uliokatwa juzi una maji kuliko unavyodhani. Unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito mkavu, mbao huanza kusinyaa na kupata nguvu. Inasinyaa kwa upana na unene, kwa urefu karibu hakuna. Kwa hiyo kenchi iliyopigwa misumari ikiwa mbichi hukaukia juu ya ukuta: mbao zinajipinda, misumari inalegea, na hakuna anayepanda kuangalia.

La tatu ni muda, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Mbao inachoka. C24 ina nguvu ya kupinda ya niutoni 24, lakini kwa mzigo wa kudumu kanuni za Ulaya zinakuambia uzidishe kwa 0.6 kisha ugawe kwa 1.3. Unabaki na 11. Mzigo ukiwa wa muda mfupi, 0.6 inakuwa 0.9, unapata kama 16.6. Mbao ileile, siku ileile, majibu mawili. Na kunepa nako hakusimami siku ya kwanza. Boriti iliyo chini ya paa, hewa ikipita, ikinepa milimita 10 kwa mzigo wa kudumu, mwishowe itafika 18. Kama uliiweka mbichi ikakauka huku imebeba mzigo, kanuni hizohizo zinakutaka uhesabu 28.

La nne ni viungo. Paa la bati ni jepesi, na upepo mkali hulivuta juu. Nguvu hiyo inatoka kwenye bati kwenda kwenye papi, kutoka papi kwenda kenchi, kutoka kenchi kwenda ukutani. Mnyororo huo unakatika penye pete dhaifu, na mara nyingi pete hiyo ni msumari. Msumari laini uliopigwa kwenye ncha ya mbao, sambamba na nyuzi, hauhesabiwi kabisa kuwa unazuia kung'olewa. Unaweza kuweka mbao nene kama gogo; bila mkanda wa chuma wa kuifunga kenchi na ukuta, umenunua uzito tu.

Wazee wa pwani waliheshimu mali ghafi yao. Nenda Lamu au Mji Mkongwe, Zanzibar, uingie nyumba za zamani. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3 hivi. Sababu ni boriti za mikoko zilizobeba sakafu na dari: urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Sisi tunachora sebule ya mita 6 kwanza, halafu ndiyo tunauliza mbao zitatoka wapi.

Na hizo mbao zenyewe tunazo. Shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi linatoa paina kwa wingi. Lakini mbao nyingi ninazoziona sokoni hazina muhuri wa daraja, na zile zilizopasuliwa karibu na moyo wa mti mchanga ni nyepesi na hupenda kujipinda. Mhandisi asiyejua kusoma vifundo na mwelekeo wa nyuzi atatumia namba ya kitabuni kwa mbao isiyostahili namba hiyo.

Tufanyeje? Sidai mashine za mamilioni. Wiki nne za vitendo zinatosha kuanzia. Wiki ya kwanza, kipande cha mbao kipimwe uzito, kikaushwe kwenye tanuri la maabara ya udongo kwa nyuzijoto 103 mpaka uzito usimame, kipimwe tena. Hesabu ni ileile ya unyevu wa udongo. Ya pili, mbao ya mbili kwa nne iwekwe juu ya matofali mawili, kwanza imelazwa, kisha imesimamishwa, ipakiwe mzigo uleule. Ikisimama itanepa robo tu. Mlinganyo wa mwaka wa pili utauona kwa macho. Ya tatu, tuunde viungo na tuving'oe. Ya nne, fundi wa kupaua aalikwe, alipwe, atueleze anachofanya na kwa nini, nasi tumwonyeshe hesabu.

Wawakilishi wa madarasa, mtaala ukipitiwa upya ombeni nafasi ya kusikilizwa, na ombi liwe hili: kozi kamili ya mbao, yenye maabara na swali la lazima kwenye mtihani. Tunajuana. Kisichotoka kwenye mtihani hatukisomi, na paa halisubiri sapu.