Mbwa wengi katika lupango moja: kila mmoja na kazi yake, lakini chanjo ni kwa wote



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya mbuzi, dende, kuku, mihogo na maharagi. Leo tunaongea juu ya nyama mmoja anayelala inje ya kila nyumba lakini haandikwi katika buku ya ushirika wowote. Tunapopita kuhesabu mifugo, tunaambiwa: mbuzi sita, kuku kumi na mbili, dende ishirini. Mbwa hatajwi, hata kama ni yeye anayechunga hizo mbuzi na hizo kuku usiku kucha.

Siku hizi, katika malupango mengi mbwa si mmoja tena. Kuna yule aliyezaliwa pale kijijini. Kuna yule mkubwa aliyenunuliwa mjini, mwenye damu ya berje. Kuna na kale kadogo ka manyoya mengi ambako mtoto alileta alipotoka masomoni. Watatu au wanne wanakula na kulala pamoja, lakini kila mmoja ana roho yake. Mmoja anauma kwanza kisha anabweka. Mwingine anabweka mpaka asubuhi na mwizi akipita karibu yake anajificha chini ya gala.

Makosa tunayoona mara nyingi ni haya: watu wanawatendea mbwa wote sawasawa katika chakula na kazi, lakini katika chanjo wanabagua. Yule wa bei kali anapelekwa kwa munganga wa nyama, wale wa kijijini wanaachwa. Ingefaa kufanya kinyume. Katika chakula, kamba na kazi, tofautisha. Katika chanjo, usibague hata mmoja.

Kila aina na asili yake

Tuanze na mbwa wetu wa kijiji, sababu yeye ndiye anayedharauliwa zaidi. Mwenye mwili mwepesi, masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, anajulikana dunia nzima. Wazungu walimtoa huku Kongo wakamwita basenji, lile neno la dharau ambalo wakoloni walikuwa wanaitia watu wa vijijini. Katika mwaka wa 1895 walionyesha wawili kule Uingereza, lakini wakafa kwa ugonjwa wa Carré. Miaka ya 1930 wakajaribu tena na wakafaulu, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanamnunua kwa pesa nyingi. Mbwa huyo habweki kama wengine, anatoa sauti kama ya kuimba. Ndiyo maana wawindaji wa msituni wanamfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua amefika wapi. Si kila mbwa wa kijiji ni basenji, wengi wamechanganyika. Lakini wengi wao wana mambo yanayotufaa: wanakula kidogo, wanavumilia jua na mvua, na wana akili ya kujitafutia njia.

Berje alitengenezwa kule Ujerumani, kuanzia mwaka wa 1899, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Dume lake linaweza kufikia kilo 30 hadi 40, ambapo basenji ana karibu kilo 10 tu. Ana nguvu, anasikia mwenyewe, na anapenda kupewa kazi. Asipopewa kazi anajitafutia: atafukuza kuku, atazungusha mbuzi mpaka zichoke, atavunja lupango.

Kale kadogo ka manyoya hakawezi kupigana na mtu. Lakini mara nyingi kanasikia haraka na kanapiga makelele kwa jambo dogo. Katika lupango lenye mbwa wengi, kadogo kanaamsha na mkubwa anasimama. Usimcheke.

Pamoja na hayo, tusidanganyike. Aina ya mbwa inakuonyesha mwelekeo tu, haikupi tabia yenyewe. Tabia inatoka pia kwa namna alivyokuzwa. Berje aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku, anayetupiwa mawe na watoto, atakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa mama wa nyumba. Huo si ulinzi, ni woga.

Mjue mmoja mmoja

Chukua juma moja, uwatazame mbwa wako katika mambo manne. Chakula kikifika, nani anasimama wima na kukaza mwili, nani anarudi nyuma? Mgeni akiingia, nani anamwendea, nani anazunguka nyuma yake? Mbuzi zikikimbia, nani anabaki ametulia, nani anataka kuzifukuza? Ngurumo ikipiga au watoto wakilia, nani anatetemeka?

Wengi wanasema mbwa akitikisa mkia basi ana furaha. Haiko hivyo kila mara. Mkia ulioinuliwa juu na kutikiswa polepole, mwili ukiwa umekauka na macho hayapepesi, ni onyo. Mbwa anayelaza masikio nyuma, anayegeuza uso na kulamba mdomo, anaomba umwachie nafasi. Ukiendelea kumsogelea, anaweza kuuma. Fundisha watoto alama hizo, na uwakataze kugusa mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Kumpa kila mmoja kazi yake

Yule anayetulia mbele ya mbuzi ndiye wa kuchunga mbuzi. Yule anayependa kufukuza apelekwe upande wa shamba la mahindi, akatishe nyani na nguruwe wa pori, lakini asiachwe peke yake na mbuzi. Yule mwenye masikio mepesi alale karibu na mlango. Mkali kweli kweli afungwe mchana kwa kamba ndefu, penye kivuli na maji, na afunguliwe usiku wakati lupango limefungwa.

Kama unataka mbwa wa mbuzi, anza naye mapema. Mtoto wa mbwa anajifunza nani ni ndugu yake kati ya juma la tatu na mwezi wa tatu hivi wa maisha yake. Akifika juma la nane, mlaze karibu na zizi, asikie harufu ya mbuzi kila siku, lakini umkataze mara moja akianza kuziuma masikio kwa mchezo. Huko Namibia, tangu mwaka wa 1994, wafugaji wanapewa mbwa waliokuzwa kwa namna hiyo ili kulinda mbuzi na kondoo mbele ya duma. Mbwa hao wanakaa katikati ya kundi na kubweka, na mara nyingi nyama mkali anaondoka bila kupigana.

Chakula, na ugomvi unaotoka katika chakula

Mbwa wengi wanaogombana katika lupango wanagombania sahani. Dawa yake haina bei: kila mmoja na chombo chake, kila mmoja na kona yake, na wewe usimame pale mpaka wamalize. Usitupe chakula katikati wakimbilie. Mkubwa atakula cha wote, na yule wa kijiji ataenda kuiba mayai ya jirani. Jirani naye atatega sumu.

Bugali pamoja na vichwa vya sambaza, au mabaki ya maharagi yaliyoiva vizuri, vinafaa. Berje anahitaji mara mbili au tatu ya kile mbwa wa kijiji anakula, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kumnunua. Usiwape mihogo michungu mibichi wala maganda yake, ina sumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano na kutoboa tumbo.

Mbwa mpya akifika, usimwingize moja kwa moja. Wakutanishe kwanza inje, barabarani, wote wakiwa na kamba, kwa sababu pale hakuna aliye kwake. Tena kumbuka jike: wengi wanapata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na kila mara inachukua juma mbili au tatu. Siku hizo mpole anaweza kuwa mkali, na madume ya kijiji kizima yatakuja kupigana kwako. Mfungie ndani. Mimba yake inachukua karibu siku 63, na kila kizazi ni midomo mingine ya kulisha na ya kuchanja.

Mbuzi inayozunguka

Umekwisha kuona mbuzi inayoinamisha kichwa upande mmoja, inazunguka, inagonga miti, kisha inakonda na kufa? Watu wanasema imerogwa. Mara nyingine chanzo ni mdudu wa tumboni mwa mbwa. Mbwa anatoa mayai ya yule mdudu katika mavi yake, mbuzi anayakula pamoja na majani, na mdudu anakwenda kukaa katika ubongo wa mbuzi. Tukichinja na kumtupia mbwa kichwa kibichi, mzunguko unaanza upya. Kuna mdudu mwingine wa namna hiyo anayetoka kwa mbwa na kumfanyia mtu uvimbe wa maji katika maini au mapafu.

Basi: matumbo, maini na vichwa vya nyama waliochinjwa visipewe mbwa vikiwa vibichi. Vipikwe sana au vizikwe kwa kina. Mbwa wote wapewe dawa ya minyoo siku moja, kufuatana na uzito. Ukimpa mmoja tu, wenzake watamrudishia. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Kichaa cha mbwa hakichagui aina

Tumefika pale penye maisha na kifo. Kichaa cha mbwa, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita raje, ukishaanza kuonyesha alama kwa mtu, karibu kila mara unaua. Duniani Shirika la Afya linakadiria vifo karibu 59.000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wanaambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na nyama wanaoshukiwa, karibu 40 kwa mia ni watoto wenye chini ya miaka 15. Chanjo ya watu ipo tangu siku za Pasteur, mwaka wa 1885. Watu wanakufa kwa sababu hawakuipata kwa wakati.

Hapa ndipo kujua tabia ya kila mbwa kunaokoa. Alama ya kwanza ya raje mara nyingi ni kubadilika kwa tabia. Mpole anaanza kuuma miti na mawe. Mkali anakuwa mpole, anajificha gizani, anatafuta kuguswa. Kuna raje ya makelele na kuna raje ya kimya. Katika ile ya kimya, taya linalegea, mate yanatoka, mbwa hawezi kumeza. Mwenye mbwa anafikiri amekwama mfupa, anaingiza mkono mdomoni kumsaidia. Usifanye hivyo hata siku moja. Mtu asiyejua mbwa wake kwa kawaida wakoje hataona kitu mpaka mtoto aumwe.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda:

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Usipake majani, udongo, mafuta wala jiwe jeusi.
2. Nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Sindano zinapangwa kwa siku mbalimbali, zote zimalizwe. Alama zinaweza kukawia miezi, kwa hiyo usingoje kuona.
3. Kama mbwa anaonekana mzima na anajulikana, afungwe pahali salama na atazamwe siku 10. Msikimbilie kumuua. Kama ana alama, mjulishe munganga wa nyama haraka, na mtu asimguse.
4. Nyama yake isiliwe, na mtu asimchune.

Ushirika unaweza kufanya nini

Chanjo ya mbwa mmoja mmoja ni nguvu kuipata kijijini. Dawa inapaswa kukaa katika baridi, kati ya digri 2 na 8, na chupa nyingi zina dozi 10. Munganga hawezi kufungua chupa kwa mbwa mmoja. Lakini ushirika ukikusanya mbwa kumi, ishirini, hamsini siku moja, safari ni moja, baridi ni moja, na bei inashuka kwa kila mmoja.

Kinachotafutwa ni kuchanja angalau mbwa 70 kwa mia katika eneo, hapo ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kumi wa bei kali wakichanjwa na thelathini wa kijiji wakaachwa, njia ingali wazi. Na wale thelathini ndio wanaotembea usiku, wanaokutana na mbwa wa kijiji kingine, na wanaorudi asubuhi kulala karibu na watoto. Wapelekeni wote, hata wadogo na majike yenye mimba. Munganga atasema nani arudishwe na lini.

Kwa mkutano unaokuja, tunaomba karani afungue ukurasa mpya katika buku: jina la mwenye mbwa, idadi, dume au jike, rangi, kazi yake, na tarehe ya chanjo. Tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka vita juu ya raje. Ushirika wenye orodha tayari mbele ya siku hiyo utakuwa na la kumwonyesha munganga wa nyama na zoni ya afya. Kuanza ni rahisi: kila mwanachama ahesabu mbwa wake leo jioni wakati wa kuwapa chakula, kila mmoja kwenye chombo chake, asimsahau hata yule mwembamba anayekula wa mwisho.