Maji ya Bukavu na Hesabu za Joto

Majuzi tulikuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi wetu wa Bukavu. Swali la hesabu lilikuwa jepesi: lita moja ya maji yenye digri 20 imewekwa motoni, yahitaji joto kiasi gani hata ianze kuchemka? Kila mmoja alipaswa kwanza kupima kwa kipimajoto cha shule, kisha kwenda kufanya hesabu nyumbani. Madaftari yote yalisema digri 100, isipokuwa moja lililosema 95. Hilo tukalitia alama nyekundu bila kufikiri mara mbili.

Kesho yake kijana akatujia kwa adabu: «Samahani, Mwalimu. Nilipima, nikangoja, nikapima tena.»

Yatupasa kukiri kwamba tuliona haya. Digri 100 za kitabu ni za mahali palipo karibu na usawa wa bahari, kama Moanda. Bukavu iko juu, mita 1500 hivi, na huku uzito wa hewa unaokandamiza maji ni mdogo. Kwa hiyo maji hugeuka mvuke mapema, kwenye digri 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe ya huku huchelewa kuiva, jambo ambalo mama zetu hawakungoja kitabu kuwaambia.

Basi tufanye hesabu upya. Kilo moja ya maji, ili ipande digri moja, yahitaji kilojuli 4,19 hivi. (Jina la juli latokana na Mwingereza James Prescott Joule, 1818–1889, mwana wa mtengeneza bia. Alikoroga maji kwa makafi yaliyozungushwa na vyuma vizito vilivyoshuka, akaonyesha kwamba kazi hugeuka joto kwa kipimo kisichobadilika.) Toka 20 hata 95 ni digri 75, ukizidisha kwa 4,19 wapata kilojuli 314. Wenye digri 100 walipata 335.

Tofauti hiyo si kubwa, wala siyo iliyotukosesha usingizi. Tulipoyatazama tena yale madaftari mengine, tuliona karatasi imekwanguliwa, na chini ya 100 bado yasomeka 95. Watoto waliona kweli kwa macho yao, wakaifuta ili wapate alama. Na ni nani aliyewafundisha kuogopa kitabu namna hiyo, kama si sisi?

Tangu siku hiyo hatukubali hesabu ya joto inayoanza kwa kanuni. Mwanafunzi aandike kwanza kwa maneno: ni kitu gani tunachokitazama, joto laingia au latoka, nalo lafanya kazi gani humo ndani. Maana si kila joto hupandisha digri. Maji yakisha kuchemka, kuyageuza yote kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2270 hivi, mara saba ya zile 314, na kipimajoto hakisogei hata kidogo.

Yule kijana alilichukua neno hilo mpaka jikoni kwao. Alimweleza mama yake kwamba sufuria ikisha kuchemka, kuongeza makala hakuzidishi ukali wa maji, bali hukausha mchuzi tu. Mama akacheka, lakini akaondoa vipande vitatu vya makala, akafunika sufuria. Maharagwe yaliiva saa ile ile ya kila siku. Vile vipande vitatu vikachemsha chai asubuhi.